Mpaka Wetu wa Kaskazini na Amani ya Majirani

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu wenzangu, katika vitabu vya jubilei huandikwa habari za majengo yaliyosimamishwa, za shule zilizofunguliwa, na za watu waliotangulia kufanya kazi. Habari hizo ni njema, na watoto wetu wapaswa kuzijua. Walakini iko habari nyingine ambayo bila hiyo zile za kwanza zisingekuwapo, nayo ni habari ya amani kati yetu na majirani zetu. Hakuna ajengaye shule mahali panapopigwa mabomu, wala hakuna mama apelekaye mtoto hospitali ikiwa njia imefungwa kwa minyororo na askari. Kwa hiyo nimeona yafaa kueleza, kwa kadiri ya nafasi niliyopewa, jinsi nchi yetu ilivyopatana na majirani zake, ilivyokosana nao, na ilivyopatana tena. Na jinsi mambo hayo yalivyotugusa sisi watu wa Musoma, Bunda na Butiama.

1. Mpaka ulivyochorwa

Mpaka wetu na Kenya haukuwekwa na wazee wetu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya kuigawa nchi hii. Walianza pwani, karibu na mlango wa mto Umba, wakapitisha mstari kaskazini ya mlima Kilimanjaro, wakaufikisha katika ufuko wa mashariki wa ziwa kubwa, mahali panapokutana na digrii moja kusini ya ikweta. Mwaka 1890 wakaendeleza mstari huo juu ya maji mpaka ng'ambo ya magharibi. Katika mashauri hayo hakuna Mkuria aliyeulizwa, wala Mjaluo, wala Mmasai. Mstari ulikata nchi ya Wakuria katikati, hata koo za Abairege, Abakira na Abanyabasi zikawa na watu wao pande zote mbili. Wajaluo nao wakabaki wengine Shirati na wengine ng'ambo, upande wa Kisii na Karungu.

Matunda ya mstari ule yalionekana upesi. Vita vya wakubwa wa Ulaya vilipoanza mwaka 1914, askari wa Kijerumani walivuka mpaka mwezi wa Septemba wakaingia Kisii, wakapigwa na Waingereza. Januari 1915 Waingereza wakaja wakaishika Shirati. Basi watu wa pande hizi wakajikuta ni adui wao kwa wao, si kwa sababu waligombana, bali kwa sababu mabwana wao wa mbali waligombana. Hapo ndipo ilipoonekana kwa mara ya kwanza kwamba amani ya nyumba zetu haitegemei tabia yetu wenyewe tu. Yategemea pia maneno yasemwayo na watawala katika miji mikuu.

Baada ya vita hivyo Tanganyika ikawekwa chini ya Waingereza, ambao walikuwa wameishika Kenya na Uganda. Kwa muda wa miaka arobaini hivi mpaka wa Sirari ukawa kama kizingiti cha chumba ndani ya nyumba moja. Meli za ziwani zilitoka Kisumu zikapita Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Fedha ilikuwa moja. Posta ilikuwa moja. Watu wa siku zile wakazoea hali hiyo, wakadhani ndiyo hali ya asili, wala haitaondoka.

2. Wazee na mashauri yao

Tusidhani kwamba kupatanisha mataifa ni elimu iliyoletwa na wageni. Kabla ya serikali za kizungu, watu wa Mara walikuwa wengi wa kabila na wachache wa hesabu: Wazanaki, Waikizu, Wakwaya, Wajita, Waikoma, Wangoreme, Wakuria, Wajaluo, na Wamasai katika mbuga za mashariki. Hakuna kabila lililoweza kuyashinda mengine yote. Hivyo kila moja lililazimika kujua adabu ya ujirani: kupeleka wajumbe, kupokea wajumbe, kula yamini, kulipa ng'ombe wa fidia, na kuoleana. Wakuria hata leo wana baraza lao la wazee liitwalo inchama, na mkutano wa hadhara uitwao iritongo, ambamo neno husemwa mbele ya watu wote ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba hakusikia.

Katika desturi hizo yako mambo matatu ya kukumbukwa. La kwanza, mjumbe hapigwi, hata akileta neno baya. La pili, ugomvi hauishi kwa maneno matamu tu, bali kwa kuhesabu: ng'ombe wangapi walichukuliwa, watu wangapi waliumia, nani atalipa nini na lini. La tatu, mpatanishi awe mtu asiye na ng'ombe wake katika zizi linalogombaniwa. Nayataja hapa kwa sababu tutayaona tena, katika mavazi mengine, tutakapofika kwenye mashauri ya marais.

3. Mwana wa Butiama na mipaka ya Afrika

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mwaka 1934 alianza shule Mwisenge, Musoma. Mtoto wa kabila dogo, aliyekua kati ya majirani wengi, ndiye aliyekuja kushika mambo ya nchi yetu na nchi nyingine. Nami naona jambo hilo si la bahati tu.

Mwaka 1960 alisema kwamba Tanganyika yaweza kungoja uhuru wake kidogo, ikiwa kungoja huko kutawezesha nchi za Afrika ya Mashariki kupata uhuru pamoja na kuwa shirikisho moja. Juni 1963 yeye, Jomo Kenyatta na Milton Obote walitangaza huko Nairobi nia ya kuunda shirikisho. Shauri hilo halikufaulu. Kila nchi ilikuwa imekwisha kuonja utamu wa kujitawala, wala hakuna aliyetaka kuwa wa pili.

Julai 1964 wakuu wa Afrika walikutana Cairo. Hapo Nyerere akaleta shauri kwamba kila nchi ikubali kuiheshimu mipaka ile iliyokutwa siku ya uhuru. Wengine walishangaa: je, mtu mpenda umoja atateteaje mistari iliyochorwa na wakoloni? Lakini maana yake ilikuwa wazi. Mipaka ile ilikuwa mibaya. Hata hivyo, kama kila nchi ikianza kuirekebisha kwa nguvu, Afrika nzima ingekuwa uwanja wa vita. Somalia na Morocco hazikukubali, kwa kuwa zilikuwa na madai yao, lakini wengi walikubali. Sisi wa Mara twaweza kulipima shauri hilo kwa macho yetu. Mkuria wa Tarime ana ndugu yake Kuria ya Kenya, na kwa hesabu ya damu mstari ule haumpasi. Walakini kama serikali mbili zingeushindania mstari ule kwa bunduki, damu ya kwanza kumwagika ingekuwa yake.

4. Nyumba ya watatu yavunjika

Juni 6, 1967, marais watatu walitia sahihi huko Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na makao yake yakawekwa Arusha. Reli, bandari, posta na simu, ndege, na meli za ziwani zilikuwa mali ya wote watatu.

Nyumba hiyo ilidumu miaka 10 hivi tu. Januari 25, 1971, Idi Amin alimpindua Obote katika Uganda. Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na tangu siku hiyo baraza la marais watatu halikukutana tena. Mawaziri na makarani waliendelea na kazi, lakini mambo makubwa yakosapo wakubwa wa kuyaamua hulala, na yalalapo huoza. Tena Tanzania ilifuata siasa ya ujamaa, na Kenya ilifuata njia ya biashara ya watu binafsi. Tanzania ilinung'unika kwamba faida kubwa yaenda Nairobi. Kenya ikanung'unika kwamba yabeba mzigo wa wenziwe. Viongozi na magazeti wakarushiana maneno ya dharau, na fedha zikachelewa kupelekwa makao makuu.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege la pamoja lilisimama, na Kenya ikaunda lake. Mwezi wa Februari Tanzania ikafunga mpaka wote kati yake na Kenya, toka pwani mpaka Sirari, ikazuia magari na ndege ndogo za Kenya zilizokuwa nchini. Juni 30 ilifika bila makisio ya fedha ya Jumuiya kupitishwa, na kwa hiyo ikafa.

Sasa nawaomba wasomaji waangalie neno hili kwa makini, maana ndilo kiini cha habari yangu. Husemwa mara nyingi kwamba watu walio ndugu hawawezi kutengana. Pale Sirari na Isebania watu walikuwa ndugu kweli kweli: lugha moja, koo moja, mahari zilizopita huku na huku. Undugu huo haukulizuia lango lisifungwe hata kwa siku moja. Lilifungwa kwa amri kutoka mbali, nalo likakaa limefungwa miaka 6 na miezi 9.

Na hasara ilikuwa ya nani? Wakubwa walipanda ndege wakapita kwingine. Mkulima wa mpakani, aliyezoea kuuza mazao yake sokoni ng'ambo na kurudi jioni, ndiye aliyeitwa mhalifu kwa kufanya jambo lile lile alilofanya baba yake. Wazee walizikwa bila jamaa zao wa upande wa pili. Miaka ile bidhaa zilikuwa haba sana nchini mwetu; sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vilitafutwa kama dawa. Watu wakapita njia za panya usiku, na magendo yakawa kazi ya wengi. Vijana waliojifunza usiku ule kuidharau sheria hawakurudi wote kuiheshimu mchana. Barabara itokayo Mwanza, ikapita Bunda mpaka Sirari, iliishia ukutani. Wahenga walisema kwamba wagombanapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Na sisi wa Mara tulikuwa nyasi hizo.

5. Vita na gharama yake

Upande wa Uganda mambo yalikwenda vibaya zaidi. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walitoka Tanzania wakaingia Uganda kwa silaha, wakashindwa. Amin naye akatuma ndege kupiga miji yetu ya ziwani. Ndipo Somalia ikaingia kati, na Oktoba mwaka ule ule ukafanywa mkataba huko Mogadishu, kila upande ukiahidi kurudisha majeshi yake mbali na mpaka. Mkataba ule haukuwafanya kuwa marafiki. Hata hivyo ulizuia vita kubwa kwa miaka sita, na miaka sita ya watoto kusoma na mashamba kulimwa si kitu kidogo. Lakini chuki haikuondolewa, ilifunikwa tu.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka na kulishika eneo la Kagera, yakaua watu, yakaiba mali, na kuvunja daraja la Kyaka. Jeshi la Tanzania likaongezwa upesi kwa mgambo waliotoka kila mkoa, likapita watu laki moja. Mmoja wa makamanda wakuu wa vita hivyo alikuwa David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyekuwa askari wa King's African Rifles tangu vita vikuu vya pili, na aliyeiongoza Divisheni ya 20 ndani ya Uganda. Baadaye alikuwa Mkuu wa Majeshi toka 1980 hata 1988, akafariki mwaka 2024 akiwa na umri mkubwa. Basi kijiji kimoja kilitoa rais aliyeamuru vita na jemadari aliyeviongoza. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979.

Vita vile Tanzania haikuvianza, na watu wengi husema havikuepukika. Mimi sibishani nao. Lakini ushindi nao una ankara yake. Gharama yake hukadiriwa kuwa dola milioni 500 za Marekani, nayo ilitoka katika nchi iliyokuwa maskini. Katika mkutano wa wakuu wa Afrika huko Monrovia, Julai 1979, wengine waliilaumu Tanzania waziwazi kwa kuingia nchi ya watu. Tena silaha zilizochukuliwa vitani hazikurudi zote ghalani. Nyingine zilifika Mara, na wizi wa ng'ombe katika nchi ya Wakuria, uliokuwa wa mikuki na mishale, ukawa wa bunduki. Ng'ombe walivushwa mpaka wakauzwa ng'ambo, na vijiji vikachomwa. Kwa hiyo vita ya Uganda, ambayo haikupiganwa katika mkoa wetu, iliacha makaburi katika mkoa wetu.

6. Miaka ya kuhesabu

Sasa nieleze jinsi lango lilivyofunguliwa, kwa maana watu wengi wajua kwamba lilifungwa, na wachache wajua jinsi lilivyofunguliwa.

Jumuiya ilipokufa iliacha mali nyingi na madeni mengi: magari ya moshi, meli, nyumba, viwanja, mitambo ya simu, na malipo ya uzeeni ya watumishi. Kila nchi ilikuwa imeshika kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Akaitwa mpatanishi, Victor Umbricht, mtu wa Uswisi, nchi isiyo na mali yake katika zizi lile. Akafanya kazi miaka mingi. Alizunguka miji mikuu mitatu, akahesabu mali, akapima thamani yake, akatoa mashauri ya kugawa. Uganda, ambayo mikononi mwake mlikuwa na mali pungufu kuliko fungu lake, ilipasa kulipwa fidia na wenziwe. Mawaziri walibishana, wakaachana, wakakutana tena.

Novemba 1983 Nyerere, Moi na Obote, aliyekuwa amerudi madarakani Uganda, walikutana Arusha wakapatana, na mpaka ukafunguliwa. Mei 14, 1984, wakatia sahihi mkataba wa kugawana mali. Wasomaji watazame: suluhu ile ilikuwa ya hesabu kwanza, ndipo ikawa ya kupeana mikono, ni desturi ile ile ya wazee wetu ya kuhesabu ng'ombe kabla ya kula yamini. Tena katika mkataba huo wa kugawana walitia kifungu cha kutafuta njia mpya za kushirikiana. Ni kama watu wavunjao nyumba ya zamani na kuyaweka matofali mazima kando, ili siku moja yajengewe tena.

Haifai tuseme kwamba kila kitu katika suluhu ile kilikuwa chema. Siku zile zile Kenya na Tanzania zilirudishiana watu waliokuwa wametoroka kwa mashitaka ya kutaka kuipindua serikali. Na waliorudishwa Kenya wengine walinyongwa baadaye. Na wazee waliokuwa watumishi wa Jumuiya waliendelea kudai haki zao za uzeeni hapa Tanzania kwa miaka mingi, na wengine walikufa wakidai. Amani ya mataifa ina watu wanaoilipia, nao hawapigwi picha siku ya kutia sahihi. Yatupasa kuwakumbuka.

Toka hapo kazi ilikwenda polepole. Novemba 30, 1993, marais watatu waliunda tume ya kudumu ya ushirikiano. Machi 1996 ofisi yake ikaanza kazi Arusha. Na Novemba 30, 1999, Benjamin Mkapa, Daniel arap Moi na Yoweri Museveni wakatia sahihi mkataba wa Jumuiya mpya, ulioanza kutumika Julai 7, 2000. Toka kuvunjika kwa ile ya kwanza ilikuwa imepita miaka 23. Kuvunja kulihitaji miezi michache tu. Burundi na Rwanda ziliingia mwaka 2007, na baadaye Sudan Kusini, Kongo na Somalia.

7. Mpatanishi atokaye Butiama

Nyerere aliacha urais mwaka 1985 akarudi Butiama kulima. Lakini hakuachwa apumzike. Burundi ilikuwa inateketea kwa vita ya wenyewe kwa wenyewe, na wakimbizi walimiminika Kigoma na Kagera. Mwaka 1996 aliombwa kuwapatanisha. Mazungumzo ya kwanza yalikuwa Mwanza, ng'ambo tu ya ghuba kutoka kwetu; baadaye yakahamia Arusha.

Julai 1996, baada ya jeshi kushika serikali huko Burundi, nchi jirani ziliifungia Burundi biashara ili kuilazimisha kuketi mezani. Vikwazo hivyo vilidumu mpaka Januari 1999. Walioviunga mkono walisema viliwaleta wakubwa kwenye mazungumzo. Waliovipinga walisema mzigo ulimwangukia maskini, aliyekosa chumvi na dawa. Sisi tuliofungiwa Sirari miaka 6 twaweza kuwaelewa wote wawili. Kufunga njia ni silaha, na kila silaha haichagui sana imkatae nani.

Nyerere alifariki London Oktoba 14, 1999, kabla ya kuyaona matunda, akazikwa Butiama. Nelson Mandela aliishika kazi hiyo, na Agosti 28, 2000, mkataba wa Burundi ukatiwa sahihi Arusha. Mapigano hayakukoma siku ile, maana vikundi vingine vilikuwa nje ya mkataba, na ilibidi mazungumzo mengine yafanywe. Lakini msingi ulikuwa umewekwa. Na mtu aliyeuweka alikuwa yule yule aliyewahi kukataa kuketi na jirani yake mmoja, aliyeamuru vita moja, na aliyefunga mpaka mmoja. Sisemi hivi kwa kumlaumu. Nasema kwa kuwa watoto wetu hufundishwa kwamba wapatanishi huzaliwa wakiwa wapole. Huyu alikuwa ameijua gharama ya ugomvi kwa kuulipia.

8. Yatupasayo sisi

Leo pale Sirari na Isebania maofisa wa nchi mbili hufanya kazi katika kituo kimoja cha pamoja, na malori hupita. Mto Mara, ambao huanza katika milima ya Mau huko Kenya, ukapita mbuga za Masai Mara na Serengeti, na kuingia ziwani karibu na Musoma, ni ushahidi mwingine. Thuluthi mbili hivi ya bonde lake iko Kenya. Wakikata miti kule Mau, ni sisi wa chini tunaopata mafuriko au ukame. Wala hatuna nguvu ya kuwazuia ila kwa mazungumzo. Kwa sababu hiyo toka mwaka 2012 kila Septemba 15 nchi mbili huadhimisha Siku ya Mara pamoja, na ziwa letu lina kamisheni yake, yenye makao Kisumu, ili maji na samaki visiwe chanzo cha vita.

Walakini tusilale. Mwaka 2017 Tanzania iliwakamata ng'ombe zaidi ya 1,000 waliovuka kutoka Kenya ikawauza kwa mnada, na vifaranga maelfu vikachomwa. Maneno makali yakaanza tena. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madereva wa malori walikwama mipakani mpaka wakubwa walipozungumza. Mara zote mbili kisa kilikuwa kidogo kwa kulinganisha na kile cha 1977. Lakini kile cha 1977 nacho kilianza kwa visa vidogo visivyozungumzwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi walimu wenzangu, nawaomba mambo matatu. Kwanza, mkifundisha habari za nchi yetu, msifundishe vita ya Kagera tu na kuiacha habari ya Arusha 1983. Mtoto ajuaye jinsi Kampala ilivyotekwa, asijue jinsi Sirari ilivyofunguliwa, amejua nusu ya habari, tena nusu iliyo rahisi. Pili, wafundisheni kwamba undugu wa damu ni zawadi, lakini hautoshi; mataifa yahitaji mikataba, wajumbe, hesabu na mahali pa kukutana, na mambo hayo yatunzwe wakati wa raha, maana wakati wa ugomvi huwa tumechelewa. Tatu, wasikilizeni wazee wa mpakani wangali hai, muandike waliyoyaona miaka ile ya lango kufungwa. Hotuba za marais zimehifadhiwa. Habari za mama aliyeshindwa kumzika ndugu yake ng'ambo ya minyororo hazimo katika maktaba yoyote, na wanaozijua wanapungua kila mwaka.

Kizazi kilichozaliwa baada ya Novemba 1983 kimekua kikiliona lango liko wazi, nacho chaweza kudhani, kama walivyodhani watu wa zamani za meli za Kisumu, kwamba hali hiyo ni ya asili. Si ya asili. Ni kazi ya watu walioketi na majirani zao wasiowapenda, wakahesabu mali na madeni mpaka wakapatana. Kazi hiyo haina mwisho, na sehemu yake moja imewekwa mikononi mwetu sisi tukaao karibu na mlango.